Milimita Tisa

Mchemraba umepasuka kwa nyundo ya pili.
Ndani una ukijani wa shingo ya njiwa.
Hauna saruji hata kijiko:
ni mavi ya chuma, yaliyosagwa huku Viwandani,
na magadi.

Magadi yale yale mama hutia chunguni
maharagwe yalainike.
Hapa yameushika unga wa tanuri
yakaufanya jiwe.

Miezi sita ulikaa barazani
ukivuta pumzi ya malori ya Lunga Lunga.
Hewa ya Nairobi haina meno, lakini hula;
hula polepole, kutoka ngozini kwenda ndani,
ikiitafuta nondo.

Kerubo anapuliza dawa.
Moyo unaona haya: waridi.
Ukingoni, pande zote, rangi imekataa kuja.
Rula inasema tisa.
Mwenzake wa saruji: nne.

Musembi, mleta mchanga, anacheka.
"Si nilisema?"

Kerubo haandiki kwamba umeshindwa.
Anaandika tisa, anaizungushia duara,
kisha anauliza, bila kuinua macho,
wiki ile ya kwanza
nani alipaswa kuufunika kwa gunia bichi.

Natazama viatu vyangu.