Vidole Viwili

Simsim alikuja Muyeye na kamba shingoni,
kamba ya plastiki, ya bluu, ya kufungia magunia ya chumvi.
Aliyemfunga alimfunga angali mtoto
kisha akaenda zake.
Mbwa akakua. Kamba haikujua kukua.

Watu husema kamba hukatikia pabovu.
Hii haikukatika.
Kilichoanza kukatika ni shingo.

Tuliitoa kwa wembe na mafuta ya nazi,
mimi nimemlalia mabega, Jefwa kamshika mdomo.
Mpaka leo pale manyoya hayaoti,
pamebaki mstari
kama alama ya soksi mguuni mwa mwanafunzi.

Juzi kipaza sauti kimepita mtaani:
mbwa asiye na ukanda ni mbwa asiye na mtu,
atachukuliwa.

Jumamosi nikaenda duka la dawa za mifugo.
Muuzaji akanipangia mezani:
mnyororo, "huu hata simba haung'oi",
wenye misumari, "vijana wanaupenda",
mwekundu wenye njuga, kana kwamba Simsim anakwenda kuchezwa ngoma.
Kisha akatoa wa nailoni. Bluu.
Nikatoka nje kupumua.

Fundi viatu Ngumbao alikuwa na ngozi nzuri,
ya mkoba wa mgeni aliyeondoka bila kuufuata.
Nikainusa, nikaitamani.
Lakini Simsim kila alfajiri huingia baharini mpaka masikioni,
na ngozi ikinywa maji ya chumvi
hukauka ikawa ng'onda.
Leo laini, kesho inakaba.
"Basi mzuie asiogelee," akasema Ngumbao.
Nikamwambia asante.

Nikapita kwa Bi Mwanatima kuazima tepu.
"Ya nini?"
"Kupimia shingo."
"Shingo ya nani?"
Nikanyamaza kidogo kuliko inavyofaa kunyamaza.
"Chukua," akasema. "Na usiirudishe."

Bi Mwanatima, Simsim akipita barazani, hukusanya pindo la buibui
na kuingia ndani.
Si chuki. Ni udhu.

Thelathini na nane. Nikaandika kiganjani.
Akaniita kutoka dirishani:
"Ongeza vidole viwili.
Kola ya kanzu nayo ni vivyo hivyo.
Marehemu nimemshonea miaka thelathini,
sikumkaba hata Idi moja."

Siku ya nne nikakuta mfuko umening'inia kwenye ua wetu.
Ukanda wa turubai, bizimu ya mkoba wa shule,
mishono yote imegeuzwa nje isiguse kovu.
Na kwa ndani, pamba nyeupe,
imetobolewa vitobo vidogo vidogo,
vile vya kofia ya kazi ya mkono,
kimoja kimoja kimezungushiwa uzi
ili shingo ipate hewa.
Nani atakuja kuviona huko?

Simsim alipouona alijilaza chini akajikojolea.
Nikauweka jamvini, nikauacha.
Usiku wa kwanza alilala mbali nao.
Usiku wa pili aliunusa, akapiga chafya.
Mimi mwenyewe nikauvaa nikipika,
Jefwa akacheka mpaka akakaa chini,
mbwa akanitazama uji mzima.

Siku ya tatu akaleta shingo.

Nikafunga. Nikapitisha vidole viwili, vikapita.
Huku turubai, huku mshipa unadunda.
Akameza mate:
ukanda ukapanda, ukashuka.

"Unamkaa?" dirisha likauliza.
"Unamkaa."
"Hajakohoa?"
"Hajakohoa."
Likafungwa.

Tepu ningali nayo, iko msumarini karibu na kalenda.
Kwenye thelathini na nane
kumenasa unyoya mmoja, rangi ya ufuta.
Sijaupangusa.