Idhini

Ghorofa ya pili, Langoni, umeme umerudi;
Famau amemaliza kiendelezi chake cha kivinjari:
gusa "njia", kikwambie "ndia".
Kiamu cha nyanyake, kisije kikafa.

Duka likajibu: idhini ulizoomba zimezidi haja.
Ipi? Halikutaja.
Akatoa ya kuhifadhi. Zimezidi.
Akatoa ya vichupo. Zimezidi.
Akatoa ya kusoma kurasa,
kikapita siku hiyohiyo,
kipofu,
hakioni hata neno moja la kufasiri.

Hapa ukipiga hodi
sauti ya ndani hukuuliza, "Ni nani weye?"
Famau angeridhika na hilo tu.

Watumiaji: mmoja.
Nyanya anagusa kioo, anagusa tena, anapangusa kidole kwa leso.
"Mwanangu, hiki mbona hakineni?"