Barabara Inayokwepa Kichuguu

Mwaka wa kumi na sita nasoma mita za maji Katuba.
Nina kulabu, daftari, na viatu vilivyokuwa vyekundu,
nadhani, tangu dukani.
Nafunua vifuniko. Chini kuna mjusi, kuna matope,
kuna namba zinazozunguka polepole
kama bibi anayehesabu deni la jirani.

Mitaa yetu imenyooka. Walioichora walikaa mjini,
ng'ambo ya ule uwanja uliowekwa mtupu makusudi
kati yao na weusi: mbu, walisema, hawezi kuruka mbali hivyo.
Mbu aliruka. Mpishi naye alivuka kila alfajiri,
cheti mfukoni, mbu begani.

Wakavuta rula. Katuba ikawa daftari la hesabu.

Lakini kuna barabara moja, jina silitaji
kwa kuwa inayo matatu na kila moja lina wenyewe.
Inatoka kwenye kinu cha mahindi, inakwenda sawasawa,
kisha bila mto, bila mwamba, bila hata aibu,
inajipinda kushoto hatua kumi na nne,
halafu inarudi mstarini
kama mlevi aliyekumbuka kwao.

Bomba lililo chini yake nalo limejipinda.
Nililijua hilo kabla ya kujua kisa.

Madereva hutukana pale. Watoto husema kuna jini.
Mchungaji mmoja aliikemea kona siku tatu kwa kipaza sauti;
haikunyooka.
Ofisini nikaomba ramani ya zamani.
Ramani, wakasema, ililiwa na mchwa.
Sikucheka siku ile.

Aliyenijuza ni Mama Felista Kapambwe,
muuza munkoyo, nyumba ya arobaini na moja,
mdaiwa wa miezi mitano.
Hakunisimulia kwa wema. Aliona koleo mkononi mwangu,
akanisogezea kiti, akanijazia kikombe:
Kaa kwanza. Unajua ulipokaa?

Hapo ulipokaa palikuwa na kichuguu
kirefu kuliko kanisa la wakati ule.
Mpimaji alifika na mnyororo wake, akasema: bombeni.
Majembe matatu yakavunjika. Jumamosi ikafika.
Mpimaji alikuwa na miadi mjini, na kiu.
Akachora kona, akapanda baiskeli.

Kwa hiyo ndiyo serikali, nikasema.
Ndiyo kiu, akasema.

Kisha wakaja wenye toroli.
Udongo wa kichuguu haudanganyi tofali, aliniambia;
mchwa wameshautafuna, wameshauchuja,
wewe unaongeza maji na moto tu.
Baba mkwe wake alichimba upande wa mashariki,
majirani magharibi, miaka sita, tanuri baada ya tanuri,
mpaka ikabaki sehemu tambarare, na mbuzi juu yake.
Hakikubomolewa, mwanangu. Kilihama.
Akapiga ukuta kwa kofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni:
hiki hapa. Na kwa jirani. Na ile baa. Na choo cha shule.

Barabara tu haikuambiwa.
Hadi leo inapita pembeni, inapisha,
inampa heshima mtu aliyekwisha ondoka.

Nikaandika namba ya mita. Nikamwachia maji hadi Jumatatu
(nilimwachia hadi Pasaka, msiniulize).
Na mvua ya kwanza ilipopiga, mwezi wa kumi na moja,
nilipita pale jioni, umeme umekatika kama kawaida,
nikaona mabeseni yamepangwa konani, taa za simu, watoto wanapiga kelele:
ardhini, katikati ya lami iliyopasuka,
kumbikumbi walikuwa wakitoka,
maelfu, wakiruka moja kwa moja juu,
hawakukunja popote.

Mama Felista alinipa kikombe kimoja, vya kukaanga, na chumvi.
Vilikuwa na ladha ya karanga, na kidogo ya ukuta.