Karatasi Tisa

Kitabu hakikuwa na jalada wala jina.
Kilianzia ukurasa wa tano, katikati ya sentensi,
"…akaifungua barua isiyokuwa yake,"
kikakatika karani wa posta ameshika kitasa cha mlango.
Kwenye uzi wa mshono yalibaki mashina tisa ya karatasi:
kurasa kumi na nane
ambazo baba mdogo Ambakisye alizisokotea tumbaku.
Nilimuuliza kama alizisoma kwanza.
"Moja," akasema. "Ilikuwa kavu. Iliwaka vizuri."

Hiyo ilikuwa Kiwira, mwezi wa saba,
baridi imekaa kwenye masikio kama deni.
Mimi na dada Subilaga tulikuwa na mkataba:
usiku nimsomee kurasa kumi,
alfajiri abebe na ndoo yangu.
Kijito kilikuwa bondeni, nyuma ya migomba,
na maji yake yalikuwa na meno.
Yeye shule aliiachia darasa la tatu, mama alipojifungua mapacha.
Alisoma kwa kidole, neno kwa neno,
akachoka kabla ya nukta.

Usiku ule karani aliposhika kitasa
niliuona mwisho wa kitabu, na nyuma yake nikaiona ndoo.
Sikukifunga.
Nikageuza ukurasa usiokuwapo,
nikasafisha koo, nikaendelea.

Nyuma ya mlango nikamweka mwanamke anayechambua maharage,
kwa kuwa mama alikuwa pale akichambua maharage.
Nikampa kikohozi cha mwalimu Andengenye.
Nikaleta treni. Treni sikuwahi kuiona;
niliiunda kwa lori la chai la Katumba
na honi yake inapokata kona.

Kurasa kumi na nane zikala wiki tatu.
Nilijikwaa mara moja tu: nikamkaribisha mezani
mjomba wa karani.
Subilaga akasimamisha punje kiganjani.
"Huyu si tulimzika Alhamisi?"
"Mlimzika ndugu yake," nikasema,
jasho likinitiririka katika baridi ile.

Kesho yake nikaanza kuandika,
kurasa za nyuma za daftari la hesabu:
nani hai, nani kaburini,
nani anamdai nani, na mlango ule unafungukia upande gani.

Leo nina riwaya nne.
Watu huniuliza nilianzaje,
nami huwapa maneno yanayofaa gazetini:
kipaji, wito, kiu ya kusoma.
Kiu ilikuwapo, sikatai.
Nilisoma hata karatasi zilizofungia chumvi,
nikirudi dukani kuomba ile nyingine, yenye mwendelezo.
Lakini ndoo siitaji.

Mwaka jana, Mwanjelwa, kati ya viatu vya mtumba,
nilikiona kizima. Jalada la kijani,
na jina la kawaida kiasi cha kuniudhi.
Nilizisoma zile kurasa nimesimama,
muuzaji akiniuliza nanunua au naonja.
Nyuma ya mlango hapakuwa na mtu.
Karani aliirudisha barua, akastaafu,
akafa kwa ukurasa mmoja na nusu.

Nikampelekea Subilaga.
Alikuwa akimenya ndizi, kucha nyeusi kwa utomvu.
Nilimsomea zote, mpaka anwani ya mchapaji.
Akamenya moja. Akamenya nyingine.
"Treni wameitoa?"
"Haikuwamo, dada."
Kisu kikatulia.
"Basi aliyeandika huu," akasema,
"hakuwa na mtu wa kumtekea maji."

Siku hizi bomba liko uani, hatua saba kutoka mlangoni.
Alfajiri nilichukua ndoo zote mbili
nikashuka bondeni.