Hesabu Nyuma ya Ankara

Kaja Hilal wa benki saa nne, jua limeshashika
mabati ya Wadi Kabir,
shati limemganda mgongoni,
akaiweka kadi juu ya kaunta
kati ya mkanda wa feni na glasi yangu ya chai.
Ikalia: ti! Ya chuma.
"Huo mfano tu, Bi Muzna. Yako itachorwa jina."

Nikaishika. Nzito, kama ufunguo wa nyumba ya watu.
Riyali mia na themanini kwa mwaka.
"Si riba," akawahi kabla sijauliza, "ni ada."
Mwanangu, nikamwambia, hata nge kwao ana jina zuri.

Alipokwenda nikageuza ankara ya betri,
nikatafuta kalamu.

Safari tano kwa mwaka, Sib hadi Unguja.
Kila safari sanduku moja linazidi,
na sanduku likizidi, riyali ishirini na nane.
Tano mara ishirini na nane: mia na arubaini.
Kadi inalibeba bure.
Haya. Mgala muue, na haki yake mpe.

Zinabaki arubaini.
Gawa kwa tano: nane.
Riyali nane, basi, kila nikisafiri,
kwa kiti cha ngozi nyuma ya kioo cha ukungu,
tende za kuchukuliwa kwa koleo
na supu isiyo na mwenyewe.
Maili sizihesabu. Maili ni ahadi za mjomba:
kila Idi zinaongezeka,
siku ya kuzidai, mjomba hayupo.

Lakini kuna kitu Hilal hakukitia katika karatasi yake.
Foleni.
Ile ya usiku, masanduku yamezungushwa tepu ya kahawia,
huyu kakalia lake, yule analinyanyua na kulitua
kama kwamba kilo zitamwonea haya.
Humo ndimo nilimomjulia Thuwaiba wa Chake,
aliponipa mtoto nimshikie
afungue sanduku apunguze kilo mbili.
Kilo zake mbili nikazitia begini mwangu,
na mwezi haujaisha kaniagiza kompresa sita.
Mwengine, hata jina sikulishika,
ndiye aliyenambia Wete vipuri vya friji
hutoka Ijumaa, watu wakishasali.
Nyuma ya kioo cha ukungu
nani atanipa mtoto nimshikie?

Nikaandika: foleni, faida.
Nikapiga mstari.
Nikainama kuokota miwani chini ya rafu,
na goti la kushoto likalia ti!
mlio uleule wa kadi juu ya kaunta.

Nina miaka hamsini na tisa.
Safari iliyopita nilisimama saa mbili na nusu
nimeegemea kigari cha mizigo
kama mtu aliyekuja kukiuza.
Chini ya mstari nikaandika: magoti.
Mbele yake sikuweka tarakimu.

Alasiri nikampigia Hilal.
Akadhani nimeshakubali, akaanza kunitajia fomu.
"Ngoja," nikamwambia, "nina suala moja.
Humo ndani, watu huzungumza?"

Akanyamaza.
Katika ule ukimya nikakisikia kiyoyozi cha benki:
kinakoroma, kinakata, kinakoroma.
Kompresa hiyo haifiki Ramadhani.
"Hilal," nikasema, "meneja wako nani?"