Pimamaji Mezani

Hukumu niliichapa Alhamisi.
Kikao kilikuwa Jumatatu.

Niliambiwa niache nafasi ya tarehe.
Nikaiacha.
Miaka kumi na tisa karani wa Bodi ya Wapima Ardhi,
Halifax, ghorofa ya tatu,
na hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje.

Thérèse Comeau alifika na basi la alfajiri kutoka Digby,
buti zake zingali na tope la pwani ile.
Akaomba aione barua ya malalamiko.
"Ni ya siri," akasema mwenyekiti, Lorne Zwicker,
ambaye kampuni yake iliomba zabuni ileile,
ya ufuko uleule,
na bahasha ya barua hiyo ya siri
ilikuwa na mhuri wa mashine ya ofisi yake.
Mimi ndiye niliyeifungua.
Mimi ndiye niliyenyamaza.

Walimpa dakika kumi na mbili ajitetee.
Hakuzitumia.
Alitoa mfukoni pimamaji ndogo ya shaba,
akailaza mezani, katikati kabisa.
Kiputo cha hewa kikatetemeka,
kikateleza taratibu
upande wa Zwicker, ulioinuka,
kikatulia huko.

"Jengo la zamani hili," akasema mmoja wao, akikohoa.
"Naona," akajibu. "Ila mimi chombo kikilala upande
sisomi kipimo. Nakisawazisha kwanza."

Kwenye muhtasari niliandika:
Mlalamikiwa aliweka kifaa juu ya meza.
Kisha, bila kutumwa na mtu,
nikaongeza mstari mmoja:
Hukumu ilichapwa siku nne kabla ya shauri kusikilizwa.

Nilipoteza kazi. Mstari haukupotea.
Mahakama iliusoma, ikarudisha kesi:
sikilizeni upya, Zwicker akae kando,
na barua asomewe anayelalamikiwa.

Mnangoja niseme alishinda.
Hakushinda.
Watu watatu wasiomjua, mmoja wao kutoka Moncton,
walimsikiliza siku mbili,
wakaenda wenyewe ufukoni na mvua yao na kamba yao,
wakakuta kweli bikoni ya kaskazini
imeingia kwa jirani sentimita arobaini.
Onyo la maandishi, na faini.

Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma, raia tu.
Alitia sahihi, akauliza kalamu ni ya nani, akairudisha.
Mlangoni akanitambua.
"Hili," akasema, akifunga koti,
"ni kosa langu. Lina vipimo."