Herufi ya Nne

Siku ile mvua ya Tukuyu haikunyesha, ilikaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ubao ulitoka jasho, chaki ikateleza.
Mwalimu Ambwene aliandika neno la Kiyunani,
na chini yake pacha wake,
akazungushia duara kijiherufi kimoja: iota.
Ya nne kutoka kushoto. Hata nukta haina.

"Bila hii, Mwana ni wa asili moja na Baba.
Ukiipachika, Mwana anafanana na Baba.
Nikea walikata shauri. Wakarudi makwao,
wakagombana miaka hamsini na ushei."

Tukacheka. Gwamaka alicheka hadi akashika meza.
Maaskofu wazima! Wengine waling'olewa jicho na watesi,
wamevuka nchi kwa nyumbu wa Kaisari,
kumbe wanakuja kupigania kijiti!
Na yule wa Aleksandria, aliyefukuzwa kwake mara tano,
si angenyamaza akalima mchicha?

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.
Bi Subilaga alikuwa akimenya ndizi za mbalaga,
utomvu umemganda vidoleni, mweusi.
Akaja mlangoni na kisu chake.
Hakuomba ruhusa.

"Marehemu mume wangu aliitwa Mwasaga.
Hati ya shamba letu, kule bondeni Kiwira,
iliandikwa Mwaisaga.
Karani alisinzia, au alikuwa na njaa, sijui.
Migomba mia mbili. Na kahawa.
Nilikwenda barazani mara saba, wakaniambia:
Mama, linafanana. Ila kufanana siko kuwa.
Kisha akatokea Mwaisaga kweli, mtu wa Busokelo,
ambaye jembe lake halijui udongo ule,
na kitambulisho mfukoni.
Sasa ndiye anayetuuzia ndizi. Hizi hizi.
Hebu hesabuni, wanangu. Ni herufi ya ngapi?"

Tulihesabu.
Gwamaka alihesabu kwa vidole, mara mbili.

"Nami nauliza, maana sikusoma:
huyo aliyekuja kunitetea,
akifika mbele ya Baba akaambiwa, wewe unafanana tu,
mimi nitasimama na nani?"

Sufuria ikafurika. Akaondoka mbio.
Mwalimu alifuta neno la chini,
polepole, kama anayemfuta mtoto makamasi,
na kipindi kikaisha bila kengele.

Sasa nachunga usharika Makete,
ambako baridi hupasua midomo ya wanakwaya.
Nimesoma mengi tangu hapo.
Najua walioshindwa nao walifukuzwa,
vitabu vyao vikatiwa moto,
na miongoni mwao walikuwamo watu wanyofu
walioogopa tu kumgawa Mungu vipande viwili.
Najua pia jambo linaloninyima usingizi:
ukali uleule wa herufi ulioilinda imani yangu
ndio uliomnyang'anya Bi Subilaga migomba yake.
Nimejaribu kulihubiri hilo. Halihubiriki.
Mzee mmoja wa kanisa alinishauri niendelee na zaka.

Lakini Jumapili, tukifika pale kwenye ukiri,
asili moja na Baba,
ulimi wangu hupunguza mwendo wenyewe,
mpiga kinanda huniangalia,
nami naona vidole vyenye utomvu
vikilishika lile neno lisidondoke.

Na siku za ubatizo nafungua daftari,
mama anasimama na mtoto katika shuka la sufi,
foleni inakohoa, viazi vinasubiri lori,
nami namwambia, nitajie jina, herufi moja moja.
Tweve, mchungaji. Si unatujua?
Nawajua. Taja hivyo hivyo.
Te, anasema. Kisha?
Kalamu iko juu. Nasubiri.